Nyonga ya Mbwa Si Kichekesho, Mdogo Wangu

Sogeza kigoda ukae hapa karibu, mdogo wangu. Leo nina jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utacheka. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Ukimaliza, futa machozi tuongee, maana barua zenu za mwezi huu zimenionyesha kwamba wengine hawacheki. Wanalia, tena wanalia chumbani peke yao, kwa sababu wanaona haya kusema kinachowaliza ni mbwa.

Barua ya kwanza imetoka kwa binti anayeishi Marekani. Ana mbwa wa aina ya Labrador, wa miaka minne tu. Siku hizi akiitwa kupanda gari anasimama anaangalia, kisha anageuza uso kana kwamba hakusikia. Daktari amepiga eksrei, akamwambia nyonga zimelika, dawa zinaelekea kushindwa, na kilichobaki ni kumwekea nyonga ya bandia. Nyonga moja huko hula maelfu ya dola. Binti akampigia mama yake huku nyumbani. Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Bibi yako anatembelea mkongojo, wewe unamnunulia mbwa nyonga?" Simu ikakatika. Sasa ananiuliza, "Dada, nimekuwa mwendawazimu?"

Hapana, mpenzi wangu. Hujawa mwendawazimu, na mama yako naye hana roho mbaya. Kila mmoja wenu anamwangalia anayemwona akiumia. Bibi nitamrudia, sijamsahau. Kwanza nikuambie nyonga yenyewe ikoje, maana wengi mnalilia kitu msichokijua.

Fikiria kinu na mchi. Fupa la paja lina kichwa cha mviringo, na kichwa hicho hukaa ndani ya kikombe kilichoko kwenye mfupa wa nyonga, kimefunikwa na gegedu laini ili kizunguke bila kukwaruza. Kwa baadhi ya mbwa, hasa wale wakubwa, German Shepherd, Labrador, Rottweiler, kikombe hukua kifupi na kiungo kikalegea. Mchi unacheza ndani ya kinu. Kila hatua unagonga ukingo, gegedu inalika, mfupa unasuguana na mfupa. Hilo huanza utotoni, tena sehemu kubwa hutoka kwa wazazi. Kwa hiyo acha kujilaumu kwamba ni yule bodaboda aliyemgonga mwaka juzi, au ni baridi ya sakafu. Ulimchukua akiwa nayo tayari.

Daktari wa upasuaji anachofanya ni kuondoa mchi na kinu vyote viwili. Anakata kile kichwa cha fupa la paja, anaingiza kigingi cha chuma ndani ya mfupa chenye kichwa kipya juu yake, na upande wa pili anaweka kikombe kipya chenye plastiki ngumu ndani. Vingine hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Vingine havina saruji, vina ngozi yenye vitundu vidogo vidogo, na mfupa wa mbwa mwenyewe huota ndani ya vile vitundu ukavishika. Mwanzoni kazi hii ilikuwa ya mbwa wakubwa peke yao. Tangu miaka ya 2000 vipo vifaa hata vya saizi ya paka.

Sasa bibi. Mwambie mama yako hivi, kwa adabu: nyonga ya bandia ya binadamu tunayoijua leo ilishika njia mwaka 1962, pale hospitali ya Wrightington, Uingereza, kwa mikono ya daktari John Charnley. Lakini miaka mitano kabla, mwaka 1957, daktari wa wanyama wa jeshi la anga la Marekani, H. A. Gorman, alikuwa amechapisha makala kuhusu nyonga ya bandia aliyoijaribu kwa mbwa, na kichwa cha makala hayo kilitaja kabisa kwamba huenda ikamfaa binadamu. Umeona? Mbwa walilala kwenye meza ya upasuaji kwa ajili ya akina bibi. Katikati ya miaka ya 1970 ndipo deni likaanza kurudi, zikaanza kuuzwa nyonga zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa wenyewe. Basi mbwa kuwekewa nyonga si anasa ya wazungu waliokosa kazi. Ni kumrudishia aliyetangulia kutoa.

Ila nisikilize vizuri, maana mimi ni dada yako, sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama pesa hiyo ndiyo ya dawa za bibi, bibi kwanza. Kama utaikopa kwa riba itakayokula mshahara wako miaka miwili, usikope. Mnyama wako hajui bei ya chuma. Anachojua ni maumivu yamepungua au hayakupungua, na njia za kuyapunguza ziko zaidi ya moja. Nitakuonyesha.

Kwanza niungame langu, maana usije ukadhani nimezaliwa na hekima. Nilikuwa na mbwa, Jimi, mlinzi wa nyumba, masikio yamesimama kama askari wa zamu. Alipofika miaka saba akaanza kuinuka kwa shida asubuhi. Miguu ya nyuma akiikimbiza pamoja, hop, hop, kama sungura. Mimi nikasema uzee umeingia. Jioni nikamwonea huruma, nikafungua droo, nikachukua diklofenaki zangu za mgongo, nikamfichia kidonge kwenye dona na dagaa. Nikampa na kesho yake. Siku ya tatu Jimi akatapika damu. Daktari wa mifugo alipoujua ukweli, alivua miwani akaniangalia, hakusema neno muda mrefu. Mdogo wangu, ule ukimya ulinichapa kuliko fimbo. Jimi alipona, lakini kwa tundu la sindano.

Kwa hiyo nasema, na nitasema tena kabla hatujaachana: dawa yako si dawa yake. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Panadol kwa paka ni sumu kamili. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu, damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya kahawia, uso unavimba. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Zipo dawa za maumivu za wanyama, na daktari anazijua pamoja na kipimo chake kwa kilo. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wa kwangu, wa kufungua droo.

Na hapo pana funzo la pili. Sikuona kwamba Jimi anaumwa kwa sababu nilisubiri alie. Mnyama halii kwa maumivu ya viungo. Mbwa hupunguza mambo: haruki tena, anakaa upande mmoja, anatikisa makalio akitembea, paja lake linakonda ukilishika. Paka ndiye msiri kabisa. Anaacha kupanda ukutani, manyoya ya mgongoni yanashikana kwa sababu hawezi kugeuka kujilamba, anajisaidia nje ya sanduku lake kwa kuwa kuliingia kunamuuma, na wewe unamchapa kwa utovu wa adabu! Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu paka 100 waliozidi miaka 12: picha za eksrei zilionyesha viungo vilivyochakaa kwa 90 kati yao. Tisini, mdogo wangu. Na wangapi uliwahi kuwasikia wakilalamika?

Barua ya pili imetoka Mombasa. Paka wa kijana mmoja alianguka kutoka roshani ya ghorofa ya tatu, kichwa cha fupa la paja kikavunjika. Daktari amemwambia hatamwekea kitu, atakitoa tu kile kichwa na kufunga. Kijana amechachamaa: "Dada, wanataka kumwachia paka wangu mguu usio na kiungo kwa sababu mimi ni maskini?"

Tulia, mwanangu. Daktari wako hakukudharau. Upasuaji huo ni wa siku nyingi na wa heshima. Kichwa kikitolewa, misuli na nyama ngumu inayoota pale hutengeneza kiungo cha kuazima, na kwa paka na mbwa wadogo kiungo hicho huwabeba vizuri sana kwa sababu miili yao ni myepesi. Wengine ukiwaona wakikimbiza mjusi hutajua mguu upi ulipasuliwa. Mbwa mzito wa kilo 35 ndiye anayehitaji chuma zaidi, kwa kuwa nyama peke yake hailibebi vizuri fupa lake. Kwa hiyo rahisi si lazima iwe duni. Ni kama viatu, tunaangalia mguu kwanza.

Ila shika tofauti hii, maana watu huichanganya na wanaharibu kazi ya daktari. Aliyetolewa kichwa cha mfupa anatakiwa kuutumia mguu mapema: maumivu yakishadhibitiwa atembezwe kidogo kidogo, akilala tu kiungo cha kuazima kitaota kikiwa kigumu. Aliyewekewa nyonga ya bandia ni kinyume chake, apumzike. Yule wa kwanza akiwa mvivu umsukume, huyu wa pili akiwa na haraka umzuie. Ukiwabadilishia masharti, umewaponza wote wawili.

Nirudi kwako wa Marekani. Kabla hujasaini karatasi, muulize daktari maswali haya bila aibu. Je, una uhakika ni nyonga? Mbwa wengi wanaochechemea nyuma tatizo lao ni goti, ile kano ya ndani imekatika, na nyonga mbovu kwenye picha imesingiziwa tu. Je, uti wa mgongo umepimwa? German Shepherd wakizeeka wana ugonjwa wao wa mgongo unaolegeza miguu ya nyuma pole pole. Hauumi, lakini mbwa anaburuta vidole hadi kucha za nyuma zinalika kwa juu. Huyo ukimwekea nyonga ya dhahabu bado ataanguka. Je, ana kidonda cha ngozi, sikio linalotoa usaha, meno yaliyooza? Vijidudu vya hapo husafiri kwenye damu vikajenga nyumba juu ya chuma, na hiyo ni balaa kuiondoa. Vitibiwe kwanza. Mwisho uliza: wewe mwenyewe umefanya upasuaji huu mara ngapi? Usiogope kumuudhi. Fundi wa kweli hakasiriki ukimuuliza habari za kazi yake.

Ukijibiwa vizuri, basi nakutia moyo, maana upasuaji huu ukifanywa na mkono uliozoea, mbwa walio wengi mno hupona wakatembea bila maumivu. Tena mbwa mwenye nyonga mbili mbovu mara nyingi hutosheka kwa kutengenezewa moja tu, kwa hiyo usianze kuzidisha bei kwa mbili. Hatari zipo, sikufichi: kichwa kuchomoka kwenye kikombe, mfupa kupasuka, vijidudu, chuma kulegea baada ya miaka. Zikitokea, mara nyingi ni kurudi mezani na kutoa pesa nyingine. Jiwekee akiba ya hilo kabla, si baada.

Na sasa ndipo panapowashinda wengi wenu. Kesho yake tu mbwa anaweza kusimama. Wiki ya pili maumivu yake ya zamani yameondoka, anajiona kijana, anataka kuruka. Wewe unamwonea huruma, unasema acha acheze kidogo, ameteseka sana. Thubutu! Kichwa huchomoka zaidi katika wiki hizo za mwanzo, nyama hazijashika bado. Wiki sita hadi nane au zaidi, atoke kwa kamba fupi tu, kujisaidia na kurudi. Hakuna ngazi, hakuna kuruka kwenye kochi, hakuna kukimbilia wageni getini. Na vile vigae vyako unavyovipiga deki hadi vinang'aa, vitandikie mikeka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mwenye nyonga mpya akiteleza miguu ikatanuka, ukingo wenyewe ni meza ya upasuaji. Kama unatoka kazini saa mbili usiku na nyumbani hakuna mtu, tafuta mtu kwanza, ndipo utafute daktari. Huruma isiyo na nidhamu ndiyo inayowavunja wanyama wetu.

Wengine mnasoma hapa mnasema, dada, mimi dola elfu sijawahi kuzishika hata moja, mbwa wangu analala nje chini ya mwembe. Wewe ndiye ninayekutaka hasa. Kuna dawa moja haiuzwi, nayo ni kupunguza chakula. Unacheka tena? Watafiti walichukua vitoto 48 vya Labrador, wakavipanga wawili wawili, ndugu wa tumbo moja. Mmoja akala kawaida, mwenzake akapewa robo pungufu, maisha yao yote. Majibu yalitoka mwaka 2002. Wale waliopunjwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, miaka 13 dhidi ya 11 hivi kwa wastani wao, na viungo vyao vilichelewa sana kuchakaa. Sisi tunadhani mbwa mnene ndiye aliyependwa. Kumbe kila sinia la ukoko na mafuta unalommiminia ni mzigo unaomtwika juu ya kinu kilichopasuka. Uzishike mbavu zake. Ukizitafuta kwa vidole usizipate, umezidisha.

Ongeza matembezi mafupi ya kila siku, si mbio za Jumapili moja. Mpe pa kulala pakavu na palipoinuka kidogo. Mpeleke kliniki ya mifugo apewe dawa ya maumivu inayomhusu. Ukiwa karibu na Morogoro au Kabete, kumbuka vyuo vinavyofundisha madaktari wa wanyama viko hapo, na ushauri wao hauna haja ya dola. Wapo mbwa wengi waliozeeka na nyonga mbovu bila kupasuliwa, na wakazeeka na furaha. Jimi wangu alikuwa mmoja wao. Alipunguzwa kilo, akapewa dawa zake, akaishi miaka minne zaidi, akabweka hadi mwisho. Sikumwekea chuma, na sioni haya.

Na wewe unayetaka kununua kitoto cha German Shepherd kwa sababu umeona picha mtandaoni, ngoja. Uliza baba na mama yake wana nyonga za namna gani, na kama kuna picha uone. Marekani wana taasisi tangu mwaka 1966 inayokagua eksrei za nyonga za mbwa, ili wabovu wasizalishwe. Muuzaji akikujibu kwa kucheka, umepata jibu lako. Kitoto kikifika nyumbani, usikinenepeshe wala usikirundikie unga wa mifupa na vidonge vya kalsiamu ukidhani unakijengea miguu. Kwa mbwa wa jamii kubwa kalsiamu iliyozidi hupotosha ukuaji wa mifupa. Na mlioko Ulaya na Marekani, bima ya mnyama hukatwa akiwa mzima. Akishaandikwa kwamba anachechemea, kampuni nyingi hazitalipia mguu huo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, tena kwa bei ya huko!

Nimesema mengi, na najua wengine mmeshajiona mna makosa: umempa kidonge, umemnenepesha, umemchapa paka mgonjwa. Nyamaza, usilie. Ni makosa ya watu wote, na la kwangu umelisikia. Kosa lisilosameheka ni kujua halafu ukaendelea.

Kwa binti yangu wa Marekani: kama pesa ni yako, bibi ametunzwa, daktari amejibu maswali, na una wiki nane za kukaa na huyo mbwa, mfanyie, usiombe ruhusa kwa mtu. Kama kimojawapo hakipo, mpunguze uzito, mpe dawa zake, na ulale usingizi. Na mpigie mama yako leo hii. Usianze na mbwa. Anza kwa kuuliza bibi ameamkaje na mguu wake unaendeleaje.

Ninyi wengine, jioni ya leo kabla hamjafunga geti, mwiteni mnyama wenu aliyelala, mumwangalie anavyoinuka. Msimwangalie usoni, atawachezea mkia. Angalieni miguu ya nyuma. Na ile droo ya dawa, naomba ibaki imefungwa.